Kengele ya Mendi

Ninapofundisha Vita Kuu ya Kwanza, wanafunzi hutaja kwanza Kariakoo, jina tuliloachiwa na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ni sawa. Lakini wapo Waafrika wengine wa vita hiyo ambao kumbukumbu yao imelala chini ya bahari ya Uingereza.

Meli ya Mendi ilizama alfajiri ya tarehe 21 Februari 1917, kusini mwa kisiwa cha Wight. Iliwachukua vibarua wa Afrika Kusini waliokuwa wakipelekwa Ufaransa kupakua mizigo na kuchimba. Bunduki hawakupewa, kwa kuwa watawala wao waliogopa kumzoeza mtu mweusi silaha. Katika ukungu mzito meli kubwa zaidi, Darro, iliyokwenda kasi bila kupiga honi, iliigonga ubavuni. Zaidi ya Waafrika 600 walikufa, wengi kwa baridi ya maji. Darro haikushusha mashua kuwaokoa. Nahodha wake alisimamishiwa leseni mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu! Walionusurika, serikali yao iliwanyima medali waliyopewa Wazungu waliowasimamia.

Mabaki yapo kina cha mita 40 hivi. Huko maji ni baridi na yana giza, mkondo una nguvu, na mpiga mbizi huona kile tu kinachofikiwa na mwanga wa tochi yake, kwa dakika chache, kabla hewa ya mtungi haijamlazimisha kupanda. Meli ilitambuliwa mwaka 1974 kwa sahani zilizokuwa na nembo ya kampuni iliyoimiliki. Fikirini jambo hilo: chombo cha mezani kilimtaja mwenye mali, ilhali hakuna kilichowataja waliokufa. Majina yao yaliandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Hollybrook, Southampton, na habari zao zilihifadhiwa nyumbani kwa masimulizi.

Wapiga mbizi hao nawashukuru, na baadhi yao nawalaumu. Waliotufunulia kaburi ndio hao hao ambao miongoni mwao walikuwamo waliochukua vitu kuwa mapambo ya sebuleni. Sheria ya Uingereza ya kuyalinda mabaki ya kijeshi haikuifikia Mendi hadi mwaka 2009, miaka 35 baada ya kutambuliwa.

Mwaka 2017 mtu asiyejitaja alimwachia mwandishi wa BBC kengele ya meli hiyo. Mwaka uliofuata Waziri Mkuu Theresa May aliikabidhi kwa Rais Ramaphosa mjini Cape Town. Sahani sijui zimebaki makabatini mwa nani.