Bima ya nyumba Marekani: Nani hulipia paa?

Paa linapoezuliwa na upepo, wengi huamini kuwa bima italipa gharama yote. Mara nyingi sivyo. Kinachoamua ni maneno machache ya mkataba, ambayo mwenye nyumba huyasoma wakati maji yameshaingia chumbani.

Katika mji wa Manassas, jimbo la Virginia, takriban kilomita 50 kutoka Washington, nyumba nyingi zimeezekwa kwa vigae vyepesi vya lami, si kwa mabati yaliyozoeleka Afrika Mashariki. Vigae hivyo huchakaa kwa jua, upepo na mvua ya mawe.

Anayenunua nyumba kwa mkopo hutakiwa na benki kuikatia bima. Akiiacha ikome, benki huweza kukata nyingine kwa gharama zake, na kwa kawaida huwa ghali zaidi. Kwa mhamiaji aliyezoea kujenga kidogo kidogo kwa akiba yake, bila bima yoyote, huo ni utaratibu mgeni.

Ajali, si uchakavu

Kwa kawaida bima hulipia madhara ya ghafla: moto, upepo, mvua ya mawe, au mti ulioangukia nyumba. Juni 29, 2012, dhoruba yenye upepo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa ilipiga Virginia na eneo la Washington na kuangusha miti mingi. Hasara za namna hiyo ndizo bima ilizokusudiwa.

Paa linalovuja kwa sababu ya uzee au kukosa matunzo halilipiwi. Mafuriko nayo huhitaji bima ya peke yake.

Thamani ya aina mbili

Mikataba mingine hulipa gharama ya kuezeka upya. Mingine hulipa thamani ya paa kama lilivyokuwa siku ya hasara, baada ya kutoa uchakavu.

Chukulia paa ambalo kuliezeka upya kungegharimu dola 12,000, lenye miaka 15 kati ya 20 inayokadiriwa kuwa umri wake, na mwenye nyumba anatakiwa kubeba dola 1,000 za kwanza za hasara. Kwa mkataba wa thamani ya siku ya hasara, paa hilo lina thamani ya dola 3,000, hivyo atapata dola 2,000 tu. Kwa mkataba wa gharama kamili atapata dola 11,000. Lakini kwa kawaida hupewa kwanza zile 2,000, na 9,000 zilizosalia baada ya kazi kukamilika.

Tena, kwa hasara ya upepo na mvua ya mawe, baadhi ya mikataba hukokotoa sehemu ya mwenye nyumba kwa asilimia. Asilimia 2 ya nyumba iliyokatiwa bima ya dola 400,000 ni dola 8,000.

Baada ya dhoruba

Mwenye nyumba anapaswa kupiga picha, kuiarifu kampuni ya bima mapema, na kufunika palipotoboka kwa turubai ili hasara isiongezeke. Stakabadhi zote zihifadhiwe.

Dhoruba ikipita, mafundi hupita nyumba kwa nyumba wakitafuta kazi. Fundi anayeahidi kufuta sehemu ya mwenye nyumba kwa kuandika ankara ya bei ya uongo anamwingiza katika udanganyifu dhidi ya kampuni ya bima. Ni busara kuhakikisha kuwa fundi ana leseni ya Virginia. Kwa mkataba uliotiwa saini nyumbani kwa mteja baada ya fundi kubisha hodi, sheria za Marekani kwa kawaida humpa mteja siku tatu za kazi za kuuvunja.

Asiyeridhika na uamuzi wa kampuni anaweza kuomba maelezo kwa maandishi, kisha kupeleka malalamiko kwa Idara ya Bima ya jimbo, iliyoko Richmond.