Mishipa ya fahamu: kazi yake mwilini, na namna konzo inavyoiharibu

Mfumo wa neva, ambao wengi tunauita mishipa ya fahamu, hupeleka habari kati ya ubongo na viungo vyote vya mwili.

Sehemu zake

Ubongo umo ndani ya fuvu. Sehemu yake kubwa ya juu hufikiri, hukumbuka na kutoa amri. Sehemu ndogo ya nyuma hulinda usawa tunapotembea. Shina lake huongoza pumzi na mapigo ya moyo.

Ugwe mgongo ni kamba laini ipitayo ndani ya mifupa ya mgongo. Kwa mtu mzima una urefu wa karibu sm 45.

Neva ni nyuzi zinazotoka humo: jozi 12 kutoka kwenye ubongo na jozi 31 kutoka kwenye ugwe mgongo.

Namna inavyofanya kazi

Habari husafiri kwa umeme mdogo. Katika neva zenye mbio hupita mita 100 kwa sekunde. Mama akigusa sufuria ya moto, mkono huruka kabla hajasikia maumivu, kwa sababu ugwe mgongo umejibu wenyewe.

Kutembea huhitaji neva mbili zinazopokezana. Ya juu huleta amri kutoka ubongo hadi ugwe mgongo. Ya chini huipokea na kuifikisha kwenye msuli. Neva ya juu pia huituliza ile ya chini. Ya juu ikiharibika, ya chini hubaki bila mtu wa kuizuia, na misuli hukakamaa.

Konzo

Hilo ndilo hutokea katika konzo. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938, huko Kwango. Umeonekana pia Kivu ya Kusini, eneo lililosumbuliwa na vita.

Chanzo chake kinahusiana na muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, wenye sumu ya sianidi, pamoja na chakula kisicho na maharage, samaki wala nyama. Watu wakikimbia vita au wakiwa na njaa, hupunguza siku za kuloweka. Kisha mtoto au mama aliyelala mzima huamka miguu imekaza, naye hutembea kwa vidole, magoti yakigongana. Ugonjwa hauzidi, lakini ulemavu haupoi.

Konzo haiambukizi, wala si kulogwa. Anayemshitaki jirani humwongezea mgonjwa msiba wa pili. Apelekwe kwenye kituo cha afya. Mazoezi na fimbo za kutembelea humsaidia.

Kinga

Menya muhogo, uloweke siku 3 hadi 4, kisha uanike juani.

Ukiwa na unga tayari, uweke katika beseni na utie alama pale unapofikia. Tia maji ukikoroga; unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, tabaka nyembamba isiyofika sm 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa. Pika bugali siku hiyohiyo.

Bugali iliwe pamoja na maharage au ndagala: humo mwili hupata nguvu ya kuivunja sumu iliyobaki.

Neva ya juu ikishakufa hairudi. Siku 3 za kuloweka zinaweza kuokoa miguu ya mtoto.