Neno la Wiki: Huria

Siku hizi vyuoni, Migori hadi Homa Bay, faili lolote la kitabu linalozunguka WhatsApp huitwa "kitabu huria". Sivyo. Hilo ni la bure, pengine la wizi. Huria ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa huru na uhuru. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinalibeba jina hilo na bado kinatoza ada! Nyenzo huria za elimu, zilizopewa jina katika kikao cha UNESCO jijini Paris mwaka 2002, zina leseni inayoruhusu kuzibadilisha na kuzigawa. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya aweza kukipunguza kitabu cha aina hiyo, akatia mifano ya wavuvi wa Ziwa Victoria, akakigawa upya, mradi afuate masharti ya leseni, kama vile kumtaja mwandishi. Kabla ya kusema huria, soma leseni kwanza.