Ridhaa: Kutoka Kanda za Video hadi Simu

Unapotazama filamu kwenye simu yako hapa Bujumbura, ni nani mwingine ajuaye umetazama nini? Swali hili lilizuka zama za kanda za video. Mwaka 1987, Robert Bork alipopendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, mwandishi mmoja alipewa dukani orodha ya kanda alizokodi jaji huyo, akaichapisha gazetini. Filamu zenyewe hazikuwa za aibu. Kilichowashtua wabunge ni wepesi wa kuipata orodha. Mwaka 1988 wakatunga sheria: atakayetoa siri ya mteja bila ridhaa (neno lenye udugu na “radhi”) aweza kudaiwa fidia ya dola 2,500 au zaidi.

Kanda zimetoweka, sheria ingali hai. Watazamaji waliishtaki Hulu kwa kuvujisha taarifa zao kwa Facebook. Mwaka 2012 mahakama ilikubali kwamba sheria hiyo inahusu pia filamu za mtandaoni. Lakini mwaka 2015 Hulu ikashinda, kwani haikuthibitishwa kuwa ilijua Facebook ingeunganisha jina la mtu na filamu aliyoitazama.

Jirani zetu Wakenya walitunga sheria yao ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Humo, mzigo wa kuthibitisha kwamba mteja aliridhia humwangukia mwenye kuzitumia taarifa.