Viti Vitupu vya Kraków

MTANGAZAJI: Leo tunakwenda Kraków, mji wa Polandi. Kuna uwanja mjini humo wenye viti vikubwa 33 vya madini, vimewekwa kimoja kimoja, mbalimbali. Hakuna meza wala sanamu ya mtu. Ni viti tu.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wayahudi zaidi ya 60,000 waliishi Kraków, karibu robo ya wakazi wote. Mwaka 1939 jeshi la Wanazi wa Ujerumani liliuteka mji. Wayahudi wengi walifukuzwa. Machi 1941 waliobaki waliamriwa kuhamia mtaa wa Podgórze, ng'ambo ya mto Vistula. Watu wapatao 15,000 walibanwa mahali walipokuwa wakiishi watu kama 3,000. Walivuka mto na mikokoteni, wamebeba magodoro, makabati, meza na viti. Kisha wakazungushiwa ukuta.

Juni na Oktoba 1942, maelfu walikusanywa na kupelekwa kwa treni hadi Bełżec, wakauawa. Tarehe 13 na 14 Machi 1943 mtaa ulifungwa. Wenye nguvu za kufanya kazi walipelekwa kambi ya Płaszów. Wengine wengi walipigwa risasi palepale au kupelekwa Auschwitz. Vyombo vyao vikabaki nje.

Pembeni mwa uwanja huo palikuwa na duka la dawa la Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi asiye Myahudi. Alikataa kuhama, akawasaidia watu waliozungushiwa ukuta. Baada ya vita aliandika kitabu kuhusu aliyoyaona, pamoja na fanicha zilizotupwa uwanjani.

Mwaka 2005 wasanifu majengo Piotr Lewicki na Kazimierz Łatak waliweka viti hivi. Kwa nini viti? Anayehama na kiti anatarajia kuketi huko aendako. Watu hawa walitarajia kuishi.

Viti vingine vidogo viko karibu na kituo cha usafiri. Wakazi wa leo huweza kuketi hapo wakisubiri.

Na wewe msikilizaji, ulipohama ulibeba nini? Waonyeshe watoto wako, uwaeleze kilitoka nyumba gani, na nani mlikuwa mkiketi naye.