Dozi

Kwa waandishi wa michezo, dozi ni mabao: timu ikifungwa matano, imepewa dozi. Nyumbani ni vidonge, kutwa mara tatu, na umalize. Kwa wagonjwa mahututi neno hili lina ukali wake. Mwenye nimonia huweza kupewa dawa ya seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Mtu mzima mwenye homa ya uti wa mgongo huchomwa gramu 2 za dawa hiyohiyo kila saa 12, maana kuta za mishipa ya damu ya ubongo hupitisha dawa kidogo tu. Uvimbe huzilegeza; ukipungua, kuta hukaza tena. Ndiyo maana dozi haishushwi mgonjwa akianza kufungua macho. Na figo za baadhi ya wagonjwa mahututi, ajabu, huchapa kazi kupita kawaida, dawa ikaishia kwenye mkojo.