Twitch yatimiza miaka 15: Jinsi mtazamaji alivyogeuzwa mwenye baraza

Andika Kappa kwenye gumzo la Twitch, nalo neno halitaonekana. Mahali pake hutokea kisura cha mwanamume, cha rangi ya kijivu, chenye tabasamu la mtu aliyekudanganya na anajua kwamba umeshamjua. Huyo ni Josh DeSeno, aliyekuwa mfanyakazi wa Justin.tv, kampuni iliyoizaa Twitch. Picha yenyewe ilikuwa ya kitambulisho chake cha kazini. Aliichomeka mwenyewe kwenye mfumo wa gumzo na kuipa jina la zimwi la mtoni la hadithi za Kijapani. Watazamaji wakaidaka, wakaifanya ishara ya "natania tu", na leo kisura hicho kinajulikana kuliko waanzilishi wa kampuni.

Baadaye Kappa ikatiwa nakshi. Mara moja moja, bila tangazo, ya mtu mmoja iligeuka ya dhahabu kwa saa 24. Haikununuliwa wala haikuuzwa, na haikumpa mwenyewe hata senti. Pamoja na hayo, watu waliandika Kappa siku baada ya siku kuangalia kama zamu yao imefika.

Twitch, mtandao wa kurusha matangazo mubashara, hasa ya gemu za kompyuta, ulifunguliwa Juni 2011, na Juni 2026 unatimiza miaka 15. Wengi wanaoielezea safari hiyo huanza na mabilioni ya fedha na majina ya vijana waliotajirika. Vitabu viwili vinavyoifuatilia kwa makini vina mizani tofauti: Watch Me Play cha T.L. Taylor, mwanasosholojia wa chuo kikuu cha MIT, kilichotoka mwaka 2018, na Stream Big cha mwandishi wa habari Nathan Grayson, cha mwaka 2025. Makala hii inamwegemea zaidi Taylor, kwa kuwa yeye aliwatazama hata wale wasioonekana kwenye kioo.

Mwanzo wa Twitch unajulikana. Machi 19, 2007, mjini San Francisco, kijana Justin Kan alivaa kofia yenye kamera na kuanza kuyarusha maisha yake kwenye Justin.tv mchana na usiku. Wenzake walikuwa Emmett Shear, Michael Seibel na Kyle Vogt. Miezi michache baadaye waliwafungulia wengine mlango warushe ya kwao. Upande wa gemu ukakua kuliko nyumba yenyewe, ukajitenga kwa jina la Twitch. Agosti 2014 Justin.tv ilifungwa, na mwezi huohuo Amazon ikainunua Twitch kwa dola milioni 970.

Jambo lililosahaulika haraka ni swali walilokuwa nalo mwaka 2011: mtu atalipaje kwa kitu anachokipata bure?

Mwaka huohuo Twitch ilianza kuwapa warushaji wakubwa mkataba wa ubia, na baadaye watazamaji wao wakaruhusiwa kujisajili kwa dola 4.99 kwa mwezi. Kwa kawaida nusu ilikwenda kwa mrushaji na nusu kwa kampuni. Matangazo yaliendelea kuwa bure kwa kila mtu. Aliyelipa alipata beji ndogo kando ya jina lake, iliyobadilika kadiri miezi ilivyoongezeka, pamoja na visura vya mrushaji wake ambavyo angeweza kuvitumia hata kwenye gumzo la mtu mwingine. Ilikuwa sare, kama ile wanayoshona ndugu wa bibi harusi. Haikupashi joto wala kukukinga mvua, ila ukumbi mzima unajua umekuja upande wa nani.

Lakini wengi hawakuwa na dola tano, na hapo warushaji wenyewe walitangulia mbele ya kampuni. Walifunga kwenye gumzo programu za roboti zilizoandikwa na watu wa pembeni, kama AnkhBot na Deepbot. Roboti ilihesabu dakika ambazo kila mtazamaji amekaa na kumpa pointi. Kila baraza liliipa sarafu yake jina lililowachekesha wenyewe. Pointi zilichezewa kamari isiyo na fedha, zikatumika kuomba wimbo, na zaidi zilitumika kutambiana nani mkongwe. Mwanafunzi asiye na kadi ya benki angeweza kumpita tajiri kwa kukaa tu.

Twitch ilileta pointi zake rasmi Desemba 2019, miaka minane na zaidi tangu ifunguliwe. Kwa maneno mengine, ilivuna shamba ambalo haikulilima. Zawadi moja iliyokuja na mfumo huo ilikuwa kumwamuru mrushaji anywe maji. Watu walikusanya pointi kwa saa nyingi ili kumwona mtu mzima akiinua glasi kwa amri yao, nao wakarudi kesho yake wakakusanya tena.

Katikati ya hapo yalipita mengine kwa kasi. Mwaka 2016 zilikuja Bits, sarafu za kununua ambazo kila moja humpa mrushaji senti moja ya dola. Mwaka 2017 warushaji wadogo waliruhusiwa nao kupokea usajili, alimradi wawe na wafuasi 50 na wastani wa watazamaji watatu kwa wakati mmoja. Na mwaka huohuo mtazamaji akaweza kumlipia mtazamaji mwenzake, jambo lililoonekana dogo siku ile.

Ukubwa wake ulidhihirika Machi 14, 2021. Siku hiyo Ludwig Ahgren, mrushaji wa Marekani, aliweka kwenye kioo saa inayohesabu kurudi nyuma. Sharti lilikuwa jepesi: kila aliyejisajili aliiongezea saa sekunde chache, na ikifika sifuri matangazo yanakwisha. Michezo ya namna hiyo ilikuwapo kabla yake, na ilizoeleka kwisha katika siku moja au mbili.

Sekunde zikawa siku, siku zikawa wiki. Ahgren alipika mbele ya kamera, akala, akafanya mazoezi, akacheza gemu, akazungumza mpaka sauti ikamkauka. Usingizi ulipomzidi alipanda kitanda chenye umbo la gari jekundu la mashindano, kitanda cha mtoto hasa, akajifunika. Kamera haikuzimwa. Maelfu ya watu waliendelea kuwapo usiku, wakimtazama mtu aliyelala, huku wasimamizi wa gumzo wakiwawekea video za kutazama pamoja na kuwatuliza waliochokoza wenzao. Mwenye nyumba anakoroma, wageni wameshika baraza.

Aliyekuwa akinunua sekunde hizo mara nyingi hakujinunulia yeye. Watu walilipia wenzao watano, kumi, hata mia kwa mpigo, na kila mara jina la mtoaji lilitokea kwenye kioo kwa kishindo. Aliyewahi kuhudhuria taarabu hana haja ya kuelezwa. Mama anainuka kwenye kiti, noti zimepangwa vidoleni, anapita katikati ya ukumbi kwa mwendo wa taratibu akimtunza mwimbaji. Fedha ni za mwimbaji. Mwendo ule ni wa ukumbi.

Ahgren alikuwa amejiwekea kikomo cha siku 31, la sivyo angekuwa mfungwa wa wapenzi wake. Aprili 13 alizima, akiwa na wasajili 283,066. Rekodi ya awali, 269,154, ilikuwa ya mrushaji Ninja tangu mwaka 2018, enzi gemu ya Fortnite ilipokuwa imeteka dunia.

Magazeti ya Marekani yalimpigia mahesabu ya fedha. Wachache waliuliza ni nani aliyelinda gumzo lile usiku kucha kwa mwezi mzima, na hapa ndipo hoja ya Taylor kuhusu wasioonekana kwenye kioo inapouma. Barazani kwa Twitch msimamizi wa gumzo hupewa beji ya kijani yenye upanga. Hufuta matusi, humfungia mkorofi, humkaribisha mgeni, hujibu swali lilelile mara mia kwa usiku. Mtandao wenyewe haumlipi, na warushaji wengi wanaowategemea nao hawawalipi. Wapo wanaosema upanga huo ndio malipo, kwa sababu hautolewi ila kwa mtu anayeaminika. Hoja hiyo ina ukweli wake kwenye chumba cha watu thelathini wanaojuana. Kwenye chumba cha watu elfu themanini, kinachomwingizia mwenyewe mamilioni, kuiita kazi hiyo mapenzi ni kuwadhulumu watu kwa lugha tamu.

Msomaji wa Afrika Mashariki mwenye umri wa kutosha atakuwa ameshaanza kutabasamu. Zamani kabla ya haya yote, Radio Tanzania Dar es Salaam na idhaa ya Kiswahili ya Kenya zilikuwa na vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza majina ya anaowasalimu, akaituma kwa posta na kusubiri. Mtangazaji aliposoma jina lako na la kijiji chako hewani, jirani walikuja kukupa mkono. Walikuwapo mabingwa wa salamu, wenye majina ya utani yaliyojulikana nchi nzima na watu wasiowahi kuwaona. Wakaunda vyama, wakachangiana harusini na kuzikana. Hakuna mhandisi wa California aliyewafundisha kwamba mtu atatoa akiba yake kwa furaha ili atajwe jina mbele ya watu.

Mambo ya karibuni ni mafupi. Novemba 2021 Ahgren alihamia YouTube. Wapenzi wake wangeweza kumfuata, lakini beji zao za miezi na miaka, pamoja na pointi, zilibaki Twitch. Septemba 2022 Twitch ilitangaza kwamba warushaji wachache waliokuwa wakichukua asilimia 70 ya fedha za usajili wangerudishwa kwenye nusu kwa nusu baada ya dola 100,000 za kwanza kwa mwaka, kuanzia Juni 2023. Dan Clancy, aliyeandika tangazo hilo na baadaye kuwa mkuu wa kampuni, alijitetea kwa gharama: kumrusha mtu mwenye watazamaji 100 kwa saa 200 za mwezi, kwa bei zilizotangazwa za Amazon, ni zaidi ya dola 1,000. Warushaji walimjibu kwamba Amazon ndiyo hiyohiyo inayoimiliki Twitch.

Februari 27, 2024, Twitch ilifunga biashara yake Korea Kusini, ikisema ada za mtandao huko ni mara kumi ya nchi nyingine nyingi. Mabaraza mazima yalihama kwenda kwenye mitandao ya wenyeji. Mwaka 2025 mrushaji Kai Cenat alipita wasajili milioni moja, naye pia kwa njia ya saa inayosogezwa mbele na watazamaji. Kwetu, vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanarushiana maua ya waridi kwenye TikTok, na majina yanatajwa usiku kucha.

Beji ya Twitch haibebeki. Kampuni ikifunga mlango, miaka kumi ya uaminifu inazimika pamoja na taa. Kadi ya salamu ni karatasi, na karatasi hukaa sandukuni. Kama mzee wako alikuwa mtu wa salamu, fungua sanduku lake kabla ya kulichoma moto. Zilizobaki zipigwe picha, majina yaliyomo yaandikwe, na walio hai waulizwe walikuwa wakisalimiana na nani.